Barua ya Wazi kwa Mawaziri: Kiko Wapi Kitabu cha Viboko?

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,
Na kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa),
Dodoma.

Waheshimiwa Mawaziri,

YAH: ADHABU YA VIBOKO KATIKA SHULE ZA SERIKALI

Kwa heshima kubwa naomba mzipokee salamu zangu, na naomba pia mniwie radhi kwa kuwaandikia mbele ya watu. Hii ni barua yangu ya tano kuhusu jambo hili hili. Ya kwanza nilimpelekea mwalimu mkuu, ya pili nikampelekea afisa elimu kata, ya tatu ikaenda halmashauri na nakala kwa mkuu wa wilaya, na ya nne ilikuwa ya kukumbushia ile ya tatu. Sikupata jibu la maandishi hata moja. Jibu la mdomo nililipata mara moja, nje ya ofisi, kutoka kwa mtumishi aliyeniita pembeni akaniambia, "Mwalimu, mambo haya wewe unayajua vizuri, yaache yaishe kifamilia." Nimekaa nayo miezi saba, na kwangu hayajaisha.

Mjukuu wangu wa kike, mwenye umri wa miaka 11, yuko darasa la tano katika shule ya msingi ya serikali ambayo sitaitaja hapa, kwa sababu yaliyompata yanaweza kumpata mtoto katika shule nyingi nchini na sitaki ionekane kana kwamba tatizo ni shule moja. Walipewa zoezi la hisabati lenye maswali 20 wakiambiwa kwamba kila kosa ni kiboko kimoja. Alikosa 11. Viboko vya mwanzo alipigwa viganjani. Alipoanza kuvuta mkono, mwalimu, ambaye ni mwanamume, alimalizia mgongoni, na walimu wa kike walikuwa ofisini siku hiyo. Jioni alikula uji kwa kijiko alichokishika kwa vidole viwili, na alipoulizwa alisema ameanguka. Watoto wetu wamejifunza kuwasitiri waliowapiga.

Kabla sijaendelea nina jambo la kukiri. Nimefundisha shule za msingi kwa miaka 31, na katika miaka hiyo nilichapa. Fimbo yangu ya mpera ilikaa juu ya meza kando ya boksi la chaki, na ilipovunjika nilimtuma kiranja akakate nyingine, kazi ambayo watoto waliigombania kwa kuwa mkata fimbo mara nyingi husahauliwa siku hiyo. Niliwaona wavulana waliovaa kaptula mbili na wengine walioficha daftari nyuma, na tulicheka ofisini tukisimuliana. Hakuna siku niliyoandika popote kwamba leo nimemchapa fulani, kwa kosa fulani, viboko kadhaa. Wala hakuna aliyenidai maandishi hayo. Kanuni za viboko nilizisoma neno kwa neno baada ya kustaafu, nilipokuwa natafuta hoja za barua yangu ya kwanza, na niliona aibu ambayo sijui niieleze vipi. Kwa hiyo siwaandikii kama mtu aliyesimama mbali akiwarushia walimu mawe.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Mipaka mliyoiweka haipo shuleni.

Kanuni zilizotungwa chini ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1978, kama zilivyotangazwa upya kwa Tangazo la Serikali Na. 294 la mwaka 2002, haziruhusu kila mwalimu kuchapa. Mwenye mamlaka ni mkuu wa shule, au mwalimu aliyemteua kwa maandishi. Viboko visizidi vinne kwa wakati mmoja. Vipigwe kwa fimbo nyepesi inayopinda, mkononi au makalioni juu ya nguo. Mwanafunzi wa kike achapwe na mwalimu wa kike, isipokuwa kama shule haina mwalimu wa kike. Umri na afya ya mtoto vizingatiwe. Na kila mara adhabu inapotolewa, iandikwe katika kitabu maalumu: jina la mwanafunzi, kosa lake, idadi ya viboko na jina la aliyechapa, kisha mkuu wa shule atie sahihi.

Nikiwa mjumbe wa kamati ya shule, niliomba kikaoni kuonyeshwa kitabu hicho. Mwalimu mkuu, ambaye ni mtu mstaarabu na sina ugomvi naye, alifungua kabati akatoa kitabu cha wageni, madaftari ya mahudhurio, faili la taarifa za mapato na matumizi, daftari la stoo, na hata kitabu cha kumbukumbu za ujenzi wa matundu ya vyoo. Kitabu cha viboko hakikuwepo. Aliniuliza kwa upole kama kweli kuna shule yenye kitabu cha namna hiyo, nami nilijiuliza swali hilo hilo, kwa maana katika vituo vinne nilivyofanyia kazi sikuwahi kukiona.

Waheshimiwa, hiki ndicho kiini cha barua yangu. Kila mara mtoto anapoumizwa, tunaambiwa kwamba tatizo ni mwalimu mmoja aliyekiuka utaratibu. Utaratibu upi? Kanuni inayotaka kumbukumbu ambayo haiandikwi, na ambayo wakaguzi, tunaowaita siku hizi wathibiti ubora wa shule, hupita bila kuiulizia, haimlindi mtoto. Inachofanya ni kuilinda serikali, ili iweze kusema kwamba viboko vyetu vina mipaka.

2. Watoto wanachapwa kwa kutojua.

Hata tukizikubali Kanuni hizo kama zilivyo, zinazungumzia makosa makubwa ya nidhamu. Kukosa swali la sehemu na desimali si utovu wa nidhamu. Kuchelewa namba kwa sababu kivuko kimejaa maji si utovu wa nidhamu pia, lakini hilo ni la siku nyingine. Katika shule ninazozifahamu, viboko vingi havitokani na wizi wala matusi. Vinatokana na maksi. Kila baada ya mtihani wa majaribio watoto hupangwa mstarini kwa wastani wao, na aliyeshuka chini ya lengo la shule hulipa kwa mwili wake tofauti iliyopo kati ya alama alizopata na alama ambazo halmashauri inazitaka kwenye jedwali.

Najua fimbo hiyo humfundisha mtoto nini, kwa kuwa nimeyaona matokeo yake kwa miongo mitatu bila kuyaelewa. Humfundisha kukopi kwa jirani. Humfundisha kutonyoosha kidole hata pale anapojua jibu, kwa sababu aliyenyamaza hakosei. Mjukuu wangu alikuwa msumbufu wa maswali hata nyumbani. Siku hizi ukimuuliza saba mara nane anatazama kwanza mikono yako iko wapi.

3. Ishara kutoka juu imekuwa ni kuchapa zaidi.

Mwezi Agosti 2018, mwanafunzi wa Shule ya Msingi Kibeta mjini Bukoba alifariki baada ya kupigwa na mwalimu kwa tuhuma ya kuiba mkoba, na mwaka uliofuata Mahakama Kuu ilimtia mwalimu hatiani kwa mauaji na kumhukumu kunyongwa. Familia mbili ziliangamia kwa ajili ya mkoba. Wengi tulidhani kwamba baada ya msiba ule nchi ingekaa chini na kujiuliza. Oktoba 2019, mwaka mmoja tu baadaye, Mkuu wa Mkoa wa Mbeya wa wakati huo aliwachapa kwa mkono wake wanafunzi wa sekondari wilayani Chunya baada ya mabweni kuungua. Hakuwa mkuu wa shule wala hakuwa mwalimu aliyeteuliwa kwa maandishi, na picha zake zilisambaa nchi nzima. Badala ya kuulizwa ni kifungu gani kilichompa mamlaka hayo, alipongezwa hadharani na Rais.

Sitaji hayo ili kutonesha vidonda. Nayataja kwa kuwa mwalimu wa darasa la tano kule kijijini hasomi Tangazo la Serikali, anasoma ishara. Serikali yenyewe inazo takwimu: utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009, na matokeo yake kutangazwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya vijana wetu, wa kike kwa wa kiume, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18, na walimu walikuwa miongoni mwa waliotajwa.

4. Mlalamikaji hana mlango wa kubisha.

Tulipompeleka mtoto zahanati tuliambiwa tulete kwanza PF3, fomu ya polisi ya matibabu kwa aliyeumizwa. Tulipofika polisi kuichukua, askari wa zamu aliuliza kama kweli nakusudia kumshtaki mwalimu kwa sababu ya fimbo, na kama nimefikiria mtoto ataendelea kusoma wapi. Fomu tuliipata saa kumi jioni. Wizara ya Elimu, nilielezwa, hushughulika na sera. Shule ziko chini ya TAMISEMI. Nidhamu ya walimu iko kwa Tume ya Utumishi wa Walimu, ambayo huanza kazi inapoletewa shauri na mamlaka ya chini, na mamlaka ya chini ni yule yule mwalimu mkuu niliyeanzia kwake. Nimezunguka duara hilo nikiwa mtu ninayejua kuandika barua ya kiofisi. Mama anayeuza mchicha sokoni, ambaye mwanawe alichapwa siku ile ile kwa makosa 14, hakutoka hata nyumbani kwake.

5. Sheria zetu zinavutana.

Katiba, katika ibara ya 13(6)(e), inakataza adhabu za kinyama na za kumdhalilisha mtu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 13, inarudia katazo hilo kwa mtoto, halafu inaacha dirisha wazi kwa kuzungumzia marekebisho ya mtoto yasiyopita kiasi, bila kusema kiasi ni kipi. Tumeridhia Mkataba wa Haki za Mtoto tangu 1991 na ule wa Afrika tangu 2003. Pamoja na hayo yote, Kanuni za shule zinaruhusu fimbo, na upande wa mahakama bado ipo Sheria ya Adhabu ya Viboko, Sura ya 17, ambayo chimbuko lake ni mwaka 1930, enzi za Mwingereza. Wengi wetu tunakumbuka jinsi Mwalimu Nyerere alivyopenda kusimulia adhabu ya mla rushwa, viboko 12 akiingia gerezani na 12 akitoka, akamwonyeshe mkewe, na bado tunacheka tukiisikia. Adhabu ile ya sheria ya mwaka 1963 iliondolewa mwaka 1972, na viboko vikarudishwa mwaka 1989. Nchi hii, kwa hiyo, iliwahi kuthubutu kuviondoa katika sheria hiyo ikiwa changa kuliko ilivyo leo, na sijasikia mtu akisema kwamba rushwa ilikwisha viboko viliporudi.

Najua majibu nitakayopewa, kwa kuwa mimi mwenyewe nimeyatoa kwa wazazi.

La kwanza ni kwamba fimbo ni mila yetu, na samaki mkunje angali mbichi. Siwezi kudai kuwa wazee wetu hawakuwahi kuwachapa watoto, waliwachapa. Ila hii adhabu ya kuhesabu, ya kupanga watu mstarini na kuita namba mbele ya wenzao, ina historia yake na jina lake limebaki midomoni mwetu. Kiboko ni mnyama wa mtoni. Likawa jina la mjeledi kwa sababu ya ngozi yake, na chini ya Wajerumani mjeledi huo ulitumika kwa viboko ishirini na vitano, kwa manamba mashambani, kwa wapagazi na kwa askari, mpaka watu wakaipa adhabu hiyo jina la hamsa ishirini. Babu zetu waliopigana Majimaji walikuwa wameijua vizuri. Anayeniambia kwamba naiga wazungu ninapopinga viboko, namwomba aangalie neno lenyewe analolitumia lilipitia mikononi mwa nani. Na samaki mbichi hukunjwa taratibu, ukimpiga anapasuka.

La pili ni kwamba madarasa yamejaa. Hili silibezi. Tangu ada na michango ya lazima viondolewe mwaka 2016, jambo jema ambalo naliunga mkono kwa moyo wote, nimeona vyumba vyenye watoto zaidi ya mia moja na mwalimu mmoja aliyebana ukutani. Mwalimu huyo hana nafasi ya kupita kati ya madawati, sembuse kukaa na mtoto mmoja kumwelewesha. Fimbo ndiyo nyenzo pekee ambayo serikali haijawahi kuishiwa. Lakini hoja hii, ukiitazama vizuri, ni hoja ya kuajiri walimu na kujenga vyumba. Haiwezi kuwa halali kwamba upungufu wa bajeti ulipwe kwa viganja vya watoto.

La tatu huletwa likiwa limevaa koti la Kenya: kwamba wenzetu walipiga marufuku viboko mwaka 2001 na tangu hapo wanafunzi wanachoma mabweni. Ni kweli mabweni yameungua Kenya. Ila mwaka 1999, viranja wa shule moja ya sekondari mjini Nyeri walipochomwa moto na wanafunzi wenzao wakiwa chumbani mwao, viboko vilikuwa bado halali huko. Na yale ya Chunya niliyoyataja yalitokea hapa kwetu, ambako fimbo haijawahi kuondoka. Ninachokubali ni kwamba katazo peke yake halitoshi, kwani hata Kenya wapo walimu wanaoendelea kuchapa kimyakimya. Kinachofaa ni kumpa mwalimu kitu kingine mkononi. Uganda walifanya hivyo wilayani Luwero katika shule za msingi zilizopewa mafunzo na kuwashirikisha walimu, wanafunzi na uongozi kwa pamoja, wakazilinganisha na shule ambazo hazikupewa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba uwezekano wa mtoto kupigwa na walimu ulipungua kwa takribani asilimia 42. Luwero si Ulaya. Ni shule za vumbi kama zetu.

Na lipo la nne, ambalo ndilo gumu kwangu: kwamba wazazi wenyewe wanataka. Ni kweli. Katika kikao kile cha kamati, wajumbe watatu walinipinga, na mmoja wao, mwanafunzi wangu wa zamani, alisimama akasema, "Bibi, wewe ndiye uliyenichapa mpaka nikafaulu." Watu walicheka, nami nilicheka kidogo. Sikumjibu siku ile. Namjibu hapa: katika darasa lenu mlikuwa 46, mwanangu, mkafaulu 7. Wale 39 waliobaki niliwachapa pia.

Waheshimiwa Mawaziri, baada ya kusema hayo, naomba mambo yafuatayo.

Naomba Waziri wa Elimu azifute Kanuni za adhabu ya viboko. Jambo hili halihitaji muswada wala kusubiri Bunge, kwa sababu Sheria ya Elimu imempa Waziri mwenyewe mamlaka ya kuzitunga, na mwenye kutunga anaweza kufuta. Dirisha lililoachwa katika Sheria ya Mtoto, pamoja na Sura ya 17, ni kazi ya Bunge, na naomba mzipeleke huko.

Naomba, kwa kipindi chochote kitakachopita kabla ya hapo, TAMISEMI itoe maelekezo kwamba kila shule iwe na kitabu cha viboko kuanzia siku ya kufungua muhula ujao, kisomwe katika kila kikao cha kamati ya shule kama taarifa ya fedha inavyosomwa, na mthibiti ubora akikague kabla ya kitu kingine chochote. Kuchapa kwa sababu ya maksi kukatazwe mara moja, kwa kuwa hata Kanuni zenu hazijawahi kuruhusu jambo hilo.

Naomba pia vyuo vya ualimu vifundishe namna ya kuendesha darasa kubwa bila fimbo, na si katika mhadhara mmoja wa nadharia. Mimi nilifundishwa kuandaa azimio la kazi na andalio la somo hadi nikaota usiku. Hakuna aliyenifundisha la kufanya watoto 60 wakipiga kelele kwa pamoja.

Mwisho, mzazi mwenye malalamiko apewe ofisi moja iliyo wazi kisheria, iliyo nje ya shule husika, inayowajibika kumjibu kwa maandishi ndani ya siku 30, na mtoto aliyeumizwa atibiwe kwanza ndipo PF3 ifuate.

Kuhusu mwalimu aliyemchapa mjukuu wangu, siombi afukuzwe kazi. Ni kijana, ana miaka minne kazini, na anafundisha hisabati madarasa matatu peke yake. Nilikwenda kwake na tukaongea. Aliniambia kwamba lengo la ufaulu alilopewa limeandikwa ukutani ofisini, na akaniuliza ningefanya nini kama ningekuwa yeye. Nilishindwa kumdanganya.

Nakala za barua zangu nne, fomu ya PF3 na cheti cha zahanati ninavyo, na nitavikabidhi kwa afisa yeyote mtakayemtuma. Akija, naomba apitie kwanza shuleni na aombe kuonyeshwa kitabu.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu mstaafu,
Bibi wa mwanafunzi wa darasa la tano na mjumbe wa kamati ya shule.

Nakala: Tume ya Utumishi wa Walimu, Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, Kamati ya Bunge inayosimamia elimu.